Roselyne na Kapsuli Mbili za Kiarie

Miaka kumi na moja Roselyne ameuza dawa mtaani Kipsongo, na makofi aliyokula pale kaunta yanapita vidole vya mkono mmoja. Si kwamba mdomo wake ni mbaya, ingawa ni mbaya kweli. Ni kwamba hauzi antibiotiki mbilimbili, na mtaa mzima umezoea kuzinunua hivyo: mtoto akihara, unafungua kapsuli, unamwagia unga wake kwenye uji, basi, umetibu.

Jumatatu moja Kiarie, fundi wa kuchomelea vyuma, alifika na mkewe Wacera na binti yao wa mwaka mmoja, aliyekuwa akihara tangu Jumapili. Roselyne aliuliza kama kuna damu. Hakuna, wakasema, ni maji matupu. Akawaeleza kwamba mtoto anahitaji ORS, ile chumvi na sukari ya kukorogwa na maji, pamoja na zinki. Kapsuli hazitolewi mpaka daktari amwone na kuziandika, na mtoto akishindwa kunywa akimbizwe hospitali.

“Nipee mbili tu, daktari,” Kiarie alimwambia Roselyne. “Mimi zilinifunga tumbo.”

“Hii si tumbo yako. Mtoto amekauka maji.”

Kiarie alimshika Roselyne nywele, akampigiza uso kwenye kioo cha kaunta. Kioo kilipasuka, na nyusi ya Roselyne nayo. Aliogopa na kuchukia kwa pamoja. Hata hivyo alijikokota hadi kwenye jagi, akapima lita moja ya maji yaliyochemshwa, akakoroga pakiti ya ORS pale pale sakafuni. Kiarie akalipiga jagi teke. Roselyne akakoroga upya, damu ikimtiririka shingoni. Mpumbavu yule akalipiga tena, na mtoto macho yameshaingia ndani.

Hapo Wacera alinyakua komeo la chuma la mlango, akamtandika mumewe gotini. Kiarie alianguka akigumia, Wacera akamsimamia.

“Mtoto wetu Kinyua ulimpea hizo hizo kapsuli. Tulimzika siku ya tatu. Ukimwaga maji ya huyu tena, nakuua.”

Kiarie hakuinuka. Roselyne alikoroga pakiti ya tatu, akampakata mtoto, akamnywesha kijiko baada ya kijiko, huku akimtukana baba mtu kwa Kibukusu. Mtoto akitapika, walingoja kidogo, kisha wakaanza tena. Saa mbili zilipita hivyo, hadi gauni la Roselyne lilipolowa mapajani, joto.

“Amekojoa, mwili umepata maji,” alisema, na yeye ndiye aliyelia.