Trekta la Mama

Harufu ya dizeli mbichi ndiyo iliyotuamsha kila asubuhi ya likizo ile ya mwaka 1991, nyumbani kwetu Kicukiro. Trekta kuukuu la marehemu Baba, lililokuwa likisomba matofali, lilisimama uani. Kila tulipolizungusha kwa hendeli lilitema moshi mweupe, yaani dizeli isiyoungua, likanyamaza. Fundi Hamisi kutoka mtaa wa Rwezamenyo alikuwa amekwisha kufungua hedi, mfuniko wa silinda, na kusaga valvu, lakini wapi.

"Mama Josiane, hii moteri imeshakufa. Iko chuma tu. Uza," alisema. "Trekta si kazi ya wanawake."

Mama alikuwa amefanya kazi na Baba gerejini miaka kumi, na hakuna aliyewahi kumwita fundi. Hakupandisha sauti. Aliniambia nimimine oili kidogo katika kila silinda, kupitia tundu la nozeli inayopuliza dizeli, kisha nizungushe. Mimi, Josiane, nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, viganja vimejaa malengelenge. Hendeli iliyokuwa ikizunguka kirahisi kama ya cherehani ikagoma, ikanisukuma nyuma.

"Oili imeziba panapovuja, kando ya pistoni," Mama alimwambia Hamisi. "Valvu ni nzima, ringi za pistoni ndizo zimekwisha. Injini hii haina plagi ya cheche. Hewa isipobanwa mpaka ichemke, dizeli itawakaje?"

Hamisi alibadilisha ringi akiwa amenuna. Wakati wa kufunga, akataka kuweka gasketi mbili kwa sababu hedi ilikuwa imepinda kidogo. Mama akainyakua moja. "Ukiongeza nafasi juu ya pistoni, hewa haibanwi vya kutosha. Hedi ikanyooshwe kwanza." Ikanyooshwa.

Siku ya kuwasha, majirani walijipanga kando ya ua wakisubiri kucheka. Hamisi alinyoosha mkono apokee hendeli. Nikakataa kumpa, nikazungusha mwenyewe. Mzunguko wa tatu injini ikakohoa moshi mweusi, ikashika, mabati ya nyumba yakatetemeka. Mama, mtu asiyempita yeyote bila salamu, alipanda kitini akaliendesha hadi barabarani mbele ya macho yao, asimsalimu hata mmoja.

Trekta lilitulisha mpaka vita vya 1994 vilipolichukua. Leo nina gereji yangu, na vifaa vya kupimia injini ambavyo Mama hakuwahi kuviona. Bado wapo wanaoingia wakaniuliza fundi yuko wapi. Mama ilimbidi awashe injini ndipo wamwamini. Mimi hufuta mikono, nikawauliza gari lina shida gani. Asiyetaka kunieleza, geti liko wazi.