Ubeti wa Bondeni

Nianze na kosa langu, maana nikiliacha mwishoni nitajipendelea. Mimi ndiye niliyempa yule mheshimiwa shairi la baba.

Nilikuwa darasa la saba, nina mwandiko mzuri na kiherehere kingi. Mgeni alifika nyumbani kwetu Newala, juu mlimani, akasema anakusanya kumbukumbu za wakati wa kudai uhuru. Baba aliniita. Yeye akawa anaghani, mimi naandika, beti kumi na moja. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba mtunzi hujitaja katika ubeti wa mwisho, lakini sikuuliza jina la baba liko wapi. Nilikuwa nasubiri kusifiwa mwandiko.

Miaka ikapita, ukaja ule wakati wa ruksa. Wanunuzi binafsi walipanda na malori kugombania korosho, mitumba ikajaa minadani, vyama navyo vikawa vingi. Yule mgeni akarudi, sasa mheshimiwa, kugombea ubunge. Kila mkutano, kuanzia Tandahimba, alilighani shairi lile na kusema alilitunga yeye, enzi za kukimbizana na askari wa mkoloni. Gazeti likalichapa pamoja na picha yake.

Gazeti lenyewe lilinifikia Masasi, nilikokuwa nafundisha, likiwa limefungiwa vitumbua. Nilisoma beti za baba chini ya jina la mtu mwingine, kwa mpangilio uleule niliouandika mimi. Vitumbua sikula. Kesho yake nikaomba ruhusa, nikapanda basi kwenda Newala, nimeapa kwamba jina la baba litarudi kwenye shairi lake.

Nilimkuta baba amekaa ukumbini. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande mmoja na kumchukulia maneno. Uhuru haukumpa cheo wala nishani, na sikumsikia akilalamika hata siku moja. Lakini gazeti alikuwa nalo. Aligusa picha ya mheshimiwa, akajigusa kifua, akalia. Niliona aibu ya kutaka ardhi inimeze.

Mama alikuwa uani anamenya mihogo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekuja kugombana?”

“Nimekuja kugombana. Ila nitasema nini? Hata jina lake halimo.”

“Limo. Wewe uliandika la wanaume.”

Nikakaa chini, akanieleza. Zamani hizo kila baraza la wanaume lilikuwa na mpelelezi. Lakini hakuna askari aliyejisumbua kuwafuata wanawake wanaoteremka bondeni kuchota maji, na mwanaume wa kwetu kujitwika debe kichwani ilikuwa fedheha. Baba akajitwika. Alichekwa mpaka na kaka zake. Kule kisimani akawafundisha wanawake shairi zima, nao wakalieneza vijijini kwao. Ubeti wa kumi na mbili, wenye jina lake, aliwaachia wao na kuwaagiza usipande mlima, asije akakamatwa.

“Uhuru tulishapata, mama! Mbona hamkuupandisha?”

“Hakutuambia tuupandishe.” Akatupa ganda la muhogo. “Sasa utapanda.”

Siku tatu alitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, na mimi nyuma yake. Kati ya wale wa kisimani tulipata wanne. Mmoja haoni, lakini ubeti aliutoa bila kukwama.

Siku ya mkutano wa mheshimiwa pale Newala nilimkalisha baba kwenye baiskeli, nikaisukuma hadi uwanjani. Mheshimiwa alighani beti zake kumi na moja, na haki yake nimpe, sauti anayo. Watu wakapiga makofi. Yalipotulia, mama akasimama na wenzake wanne, hakuomba kipaza sauti, wakaanza:

*Kaditama nimefika, jina langu nalitaja,*
*Na debe nimejitwika, kileleni ninakuja.*

Nilizijua sauti tano. Kisha nikasikia ya sita nyuma yangu, na nyingine kule kwenye malori ya korosho, bibi huyu na bibi yule, kila mmoja akiinuka alipo. Mheshimiwa alijaribu kutabasamu. Ubunge aliupata, sikatai, lakini shairi lile hakulighani tena.

Walipofika penye jina, wote wakanyamaza na kumgeukia mama. Mama hakuwahi kulitamka jina la mumewe. Maisha yangu yote alimwita Baba, akaongezea jina langu. Hata hospitali, karani alipouliza mgonjwa anaitwa nani, alinisukuma mimi nijibu.

Alishika vizuri khanga yake, akavuta pumzi. Akalitaja jina la baba, na la babu, na la kijiji chetu, polepole, kwa sauti iliyofika hadi jukwaani.

Baba akanyoosha mkono wake mzima juu, kama mwanafunzi aliyeitwa kwenye mahudhurio.