Utumbo Uliobaki

Cornelia wa kijiji cha Pito alikuwa mlaji, na hakuna aliyemcheka kwa hilo. Mwanamke anayeinua matuta kwa jembe, akifukia nyasi ndani yake, tangu umande haujakauka mpaka jua la utosi lazima ale. Alipenda ugali wa ulezi, mweusi, wa moto, na maharage yaliyochemka mpaka yakapasuka. Mumewe, Gaudensi, alizoea kuwaambia wageni kwamba kumlisha mke wake ni kama kulisha shamba, unachoweka unakiona. Na kweli kilionekana: mabega mapana, mikono iliyojaa, na sauti iliyoongoza kwaya ya kina mama kanisani kigangoni bila kipaza sauti.

Siku binti yao Sharon alipopata kipaimara, Cornelia alishinda jikoni bila kutia kitu mdomoni. Wageni walipoanza kuaga ndipo naye alipojipakulia sahani ya mlima, akala haraka haraka, akashushia kwa togwa. Asubuhi yake tumbo likamkata. Halikuwa chango lile alilolizoea. Lilikata likaachia, likakata tena, na kila liliporudi lilirudi na nguvu zaidi.

"Twende hospitali," Gaudensi akasema.

"Kwa kuvimbiwa tu? Watu watatucheka. Hata masufuria ya watu sijayarudisha."

Mama mkwe wake, Bibi Apolinaria, akamchemshia mizizi. Cornelia akanywa, akatapika maji ya kijani, akanywa tena. Kutwa nzima alijikaza, akisugua masufuria huku ameinama. Kulipokucha tena, tumbo lilikuwa limewamba kama ngoma, na mwenyewe hasemi. Gaudensi akakimbilia barabarani kutafuta bajaji.

Daktari aliyempasua alikuwa Mbonile, kijana aliyetoka Mbeya kuja kufanya kazi hospitali ya Sumbawanga mjini. Alikuta utumbo mwembamba umejisokota kama kamba, damu imekosa njia, na sehemu kubwa imekwisha kufa na kuwa nyeusi. Akaikata iliyokufa, akaunganisha iliyobaki. Cornelia alipopata nguvu ya kukaa, daktari alikuja akavuta kiti karibu na kitanda. Gaudensi alikuwa amesimama dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mungu akubariki, umeniponya."

Mbonile alitazama mikono yake kwanza. "Mama, nataka nikueleze ukila kinatokea nini. Tonge linaanzia mdomoni. Meno yanasaga, mate yanalainisha. Likishuka kwenye mfuko wa chakula, linakorogwa na tindikali mpaka linakuwa kama uji. Hapo umeshiba, lakini mwili bado haujapata kitu cha maana."

"Nimeshiba, na bado sijala?"

"Damu yako haijala. Uji ule unaingia kwenye utumbo mwembamba. Nyongo inatoka kwenye ini kuja kulegeza mafuta, na maji ya kongosho yanavunjavunja ulezi, maharage, samaki, kila kitu, mpaka vipande havionekani kwa macho. Ukuta wa utumbo huo kwa ndani una vinyweleo vingi mno, kama taulo. Hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula na kukipeleka kwenye damu. Makapi yanakwenda kwenye utumbo mpana, unanyonya maji, yanayobaki yanatoka."

"Na mimi umenikata wapi?"

"Huo mwembamba. Wa mtu mzima ukiunyoosha ni mrefu kuliko chumba hiki. Uliobaki kwako haufiki hata mpini wa jembe."

Gaudensi akageuka kutoka dirishani. Cornelia akauliza kama mtu anayeulizia shina la mhogo lililokatwa, "Utaota?"

"Hauoti, mama. Unaweza kujifunza kufanya kazi zaidi, polepole. Itabidi ule kidogo kidogo lakini mara nyingi, utafune sana, upunguze mafuta. Maji matupu usinywe mengi, unywe yenye chumvi na sukari kama tutakavyokuonyesha. Na sindano za vitamini usikose. Utakula kuliko mtu yeyote nyumbani kwako, maana kingi kitapita tu."

Kikapita kweli. Nyumbani alikula uji, na kabla bakuli halijapoa alikuwa njiani kwenda chooni, kitenge amekishika mkononi. Alikula maharage yakatoka kama yalivyoingia. Jumapili ya kwanza aliyothubutu kwenda kigangoni alitoka mara tatu kabla ya mahubiri kwisha, na mara ya tatu hakurudi. Kwaya wakampa mwingine nafasi yake, kwa muda, walisema. Mabega yakashuka. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Jua lilipozama alianza kupapasa ukuta kama kipofu, wakati wenzake bado wanaona vizuri. Nyayo zikavimba.

Watu hawakukosa la kusema. Wengine walisema ana ule ugonjwa. Wengine wakasema kuna mtu anakula kupitia tumbo lake, na wakataja jina la jirani ambaye hakuwahi kumkosea Cornelia neno. Mama mmoja wa jumuiya alileta mayai, akayaacha mlangoni, akaondoka bila kuingia.

Kisha zikaja zile mvua za Januari, ghala likiwa limebaki vumbi na magunzi, mahindi shambani bado yanatoa mbelewele. Siku hiyo Cornelia alikuwa nyuma ya jiko akijifunga kitenge. Alimsikia Bibi Apolinaria akimwambia mwanawe:

"Baba Sharon, mimi sina ubaya naye. Lakini mtoto analala na njaa, na chakula kinamwagwa shimoni."

"Mama, nyamaza."

"Nimenyamaza. Lakini shimo halishibi."

Gaudensi alinyamaza naye, na kunyamaza kwake ndiko kulikomuumiza Cornelia kuliko maneno ya mkwe. Tangu siku ile alianza kumsogezea Sharon bakuli lake. "Kula, mwanangu, mimi nimeshakula jikoni." Sharon alikuwa na njaa ya mtoto anayekua. Alikula. Cornelia alijiona kama amepata kazi tena: hawezi kulima, hawezi kuimba, lakini anaweza kutokula. Choo kilipungua, akasema moyoni afadhali.

Wiki chache baadaye alianguka kando ya shamba akijaribu kung'oa magugu. Gaudensi alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, na kwa jinsi mkewe alivyokuwa mwepesi, alilia njiani bila kujificha. Alimuuliza Sharon mama yake alikula nini asubuhi.

"Alinipa mimi," Sharon akasema. "Hunipa kila siku. Anasema ameshakula."

Hospitalini walimtundikia dripu. Safari hii Bibi Apolinaria alifuatana nao, na Mbonile alipotoka wodini alimkuta kwenye benchi.

"Daktari, si kila anachokula kinatoka?"

"Si chote, bibi. Kidogo kinaingia. Hicho kidogo ndicho kinachomweka hai. Mkipunguza bakuli, mnapunguza hicho."

Bibi akajifunika kitenge kichwani, akakaa hivyo mpaka walipoitwa kuingia. Hakuomba radhi, siku ile wala baadaye. Ila waliporudi Pito, alikuwa anaamka kabla ya wote, anapika uji wa ulezi mwepesi, anauleta mwenyewe. Cornelia aliupokea bila kumtazama usoni. Kushukuru alishukuru, kwa sauti ndogo, kama anavyoshukuriwa mgeni. Kati yao hapakuwa na ugomvi tena, na hapakuwa na kitu kingine.

Mwaka huu nusu ya shamba imebaki nyasi. Gaudensi huinua matuta peke yake, akirudi kila saa kumpelekea mkewe kibakuli: wali mlaini, ndizi, dagaa waliosagwa. Cornelia hukaa ukutani penye jua, amevaa sweta mbili, akitafuna mpaka taya zinachoka. Kula kumekuwa kazi ngumu kuliko jembe. Ladha alikwisha kuisahau. Wanawake wakipita kwenda mashambani humsalimu, naye huitikia, kisha huwasikia wakiteremsha sauti.

Mwezi uliopita walikwenda mjini kwa ajili ya sindano wakaambiwa Mbonile amehamishwa. Daktari mpya alikuwa bado anapanga vitabu mezani. Alimpandisha Cornelia kwenye mzani, akasoma, akageukia faili, akasoma tena.

"Mama, umepungua tangu mara ya mwisho. Unakula kweli?"

Gaudensi akafungua mdomo kujibu. Cornelia akamgusa mkono.

"Ninakula, baba," akasema. "Ninakula kutwa nzima."

Daktari aliandika kitu, akamchoma sindano, akawaambia warudi mwezi ujao. Nje upepo wa nyanda za Ufipa ulikuwa unavuma na vumbi lake. Gaudensi alimfunika mkewe koti lake, wakasimama ukutani kusubiri bajaji.