Wimbo wa Mama Nilioukataza

Mimi niliishia darasa la nne, lakini duka la kwanza la kaseti pale mjini, mtaa wa Mwisenge, lilikuwa langu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, watu wamechoka foleni za sabuni, sasa wanataka muziki. Nilijiona mtu mkubwa. Sijutii duka. Ninachojutia nilikifanya kwa mdomo.

Wazazi wangu walihamia kijiji cha Bugwema kutoka Ukerewe, wakalima pamba. Wanawake waliokuja nao walikuwaga na nyimbo za mapenzi, kila mmoja katunga wake. Wa mama ndio uliopendwa zaidi. Alimtungia kijana mmoja kabla hajaolewa na baba. Alimsifia mabega yake akivuta nyavu, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akienda kuchota maji wakati mtungi wa nyumbani bado umejaa, ili amwone tu.

Siku moja akaja mwalimu mwenye redio ya kurekodi, anakusanya nyimbo za wahamiaji. Mama alikuwa ameshaoga, kavaa kitenge kipya, kakaa na wenzake watatu. Mimi nikafika kutoka mjini na mzee wa kanisa. Mwalimu akabonyeza. Mama akafungua mdomo.

"Mama, acha huo uchafu," nikasema. "Mjane mzima unaimba mabega ya mwanaume! Imba wa kanisani."

Mwenzake mmoja akacheka. "Tajiri anaona aibu mama yake aliwahi kuwa msichana."

Mama hakucheka. Aliimba wa kanisani, ubeti mmoja, kwa sauti ndogo. Mwalimu akashukuru, akaenda zake. Toka siku ile sikumsikia tena mama akiimba wimbo wake, hata shambani.

Alipofariki, nilibeba redio yangu kubwa nikawafuata wale watatu.

"Mama zangu, niimbieni ule wa mama, niuweke."

"Sisi ni waitikiaji tu," akasema yule aliyenicheka. "Wimbo wa mtu hauanzishwi na jirani. Mwenyewe akifa, anaanzisha mtoto wake."

"Lakini mnaujua."

"Tunaujua. Anzisha, tajiri, tukuitikie."

Nikabonyeza. Kaseti ikaanza kuzunguka. Wakangoja, viganja tayari kwa makofi, hawanicheki tena. Wimbo ule niliusikia tangu nabebwa, mama akipalilia pamba. Nikafungua mdomo, na neno la kwanza sikulijua.