Mamajusi Walipokwama Darajani

Enzi zetu, sisi tuliokulia kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Kalemie, treni ya kuchezea haikununuliwa dukani. Ilitengenezwa. Mabehewa yalikuwa makopo ya sadini, magurudumu vizibo vya chupa, na reli ilikuwa mianzi iliyopasuliwa na kusuguliwa kwa mchanga mpaka ikateleza. Shida ilikuwa makopo. Nyumbani tulikula ndakala, dagaa wa ziwa letu, na ugali wa muhogo, na samaki wakubwa wa mikebuka ziwa lilipokuwa jema. Sadini ilifunguliwa siku ya mgeni tu. Kwa hiyo mgeni akifika, watoto wa kambi nzima tulimwombea njaa.

Kaka yangu Mulongo alikuwa fundi wa mabehewa. Mimi nilikuwa fundi wa madaraja, na wala sikumwomba mtu ruhusa kwa kuwa msichana. Kazi hiyo niliirithi. Papa alikuwa katika kikosi cha kutengeneza madaraja ya reli. Aliondoka na sanduku lake la bati kwa wiki tatu, wiki nne, Niemba, Kabalo, mpaka Kongolo, akarudi ananuka grisi. Hakuwa msemaji. Lakini ukimwuliza habari za daraja la Kongolo, lile linalovuka mto Lualaba, alieleza mpaka chakula kikapoa mbele yake.

Mimi Kongolo sikuwahi kufika. Nililijua daraja lile kwa mdomo wa Papa tu, na nililijenga uani kwa matete na waya mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Nilichotaka ni kimoja: Papa aliangalie aseme ni daraja. Hakuwahi kusema. Aliinama, akatikisa nguzo kwa kidole, akasema, "Hii itaanguka," akaenda kuoga. Na kweli lilianguka.

Mwaka mmoja zamu ya kupamba pango la Noeli kanisani ilifikia shirika letu, yaani wakristo wa kambi yetu. Pango lilitengenezwa kwa karatasi za mifuko ya saruji, zikapakwa majivu na makaa mpaka zikafanana na jiwe, na ndani kukawa giza hata mchana. Kila mwaka Mamajusi watatu wa udongo walisimama mlangoni na ngamia mmoja aliyevunjika shingo. Mulongo akamwuliza katekista kwa nini watu waliotoka mbali vile wasije na treni. Katekista alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakubali. Kwamba mashariki ya Kalemie ni ziwa tupu, na treni yetu hutokea magharibi, hakuna aliyejali.

Daraja nikapewa mimi. Papa alikuwa ametuma neno kwamba atafika na treni siku ya mkesha, basi nikaamua safari hii daraja liwe na taa za kuwaka na kuzima, apende asipende atasema kitu. Nikakusanya balbu nne za tochi. Betri kuukuu nikazianika juu ya bati siku tatu zipate nguvu kidogo. Watoto wa leo wakisikia betri ilianikwa kama muhogo, wanakutazama kama mtu mwenye homa. Wao simu ikizima kidogo, dunia imefika mwisho. Kisha nikachukua kigurudumu cha mbao cha uzi wa Mama, nikakifunika nusu kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, nikategesha ncha mbili za waya juu yake. Ukikizungusha, waya zikikuta ile karatasi, taa zinawaka. Zikikuta mbao, zinazima.

"Na uzi wangu uko wapi?" Mama akauliza.

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeuviringisha kwenye mwiko wake wa ugali.

"Mungu wangu! Huyu mutoto ataolewa na nani?"

Ibada ya mkesha ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nilijificha chini ya meza ya pango, kitenge kikining'inia mbele yangu, nikaanza kuzungusha. Taa zikapepesa. Nikasikia watu wanasema "Eee!" na wamama wakipiga vigelegele. Moyo wangu ulijaa. Halafu kupitia tundu la kitenge nikaona viatu vya Papa na sanduku la bati. Alikuwa ametoka stesheni moja kwa moja.

"Nani alitengeneza hii daraja?"

"Ni mutoto wako, Papa," katekista akajibu kwa furaha.

Mulongo alikuwa ameshaanza kuvuta kamba ya treni. Papa akainua mkono.

"Simamisha. Treni haiwezi kupita hapa."

"Juu ya nini, Papa?" Mulongo akauliza sababu.

"Taa yenye kucheza-cheza, hiyo njo ya kusimamisha treni. Mashinisti mwenye kuendesha akiona vile, anajua daraja imeharibika. Munataka kuangusha Wafalme mu mayi?"

Kanisa zima likacheka kuwaza Mamajusi wakianguka majini. Mimi sikucheka. Mtoto gani wa kambi asiyejua jambo hilo? Tulikuwa tumewaona baba zetu wakipunga taa kando ya reli, na tulilicheza jambo lenyewe uani. Nililisahau kwa sababu ya uzuri. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka, na bado niliendelea kuzungusha, maana sikujua la kufanya.

Kitenge kikafunuliwa. Papa alikuwa amepiga magoti na nguo zake za kazi. Hakunigombeza. Alishika mkono wangu pamoja na kile kigurudumu, akauzungusha polepole mpaka taa zikawaka, akaushikilia pale pale. Mkono wake ulikuwa mgumu na wenye joto.

"Acha hapa. Usitingishike." Kisha akamwambia Mulongo, "Pitisha."

Makopo ya sadini yakavuka na Mamajusi ndani yake, yakafika ng'ambo, na daraja halikuanguka. Papa akainamisha kichwa karibu na changu.

"Sasa hii njo daraja," akasema.

Papa tulimzika zamani. Mulongo anaishi Lubumbashi. Treni siku hizi inapofika Kalemie watu wanatoka nje kuitazama, na watoto wengi wa mtaa wetu wanaijua zaidi kwa picha. Noeli iliyopita zamu ya pango ilirudi kwetu. Mjukuu wangu Feza, anayeniita Nkambo, yaani bibi, alitengeneza daraja la kartoni akifuata picha kwenye simu, akalizungushia taa za sokoni, rangi sita, zikipepesa zenyewe. Kazi yangu ya siku kumi yeye aliimaliza kabla chai haijapoa. Lilikuwa zuri, nasema kweli. Lakini hakuna hata mtu mmoja kanisani aliyeuliza kama treni itapita.

Nikatafuta kile kidude cha taa chenye kitufe. Nikabonyeza, taa zikaanza kukimbizana. Nikabonyeza tena, zikapepesa kwa haraka zaidi. Nikabonyeza mpaka zikatulia, zote zikiwaka.

"Nkambo, unaziharibu!" Feza akalalamika, akinyoosha mkono kurudisha. "Hazichezi tena!"

Nikaukamata mkono wake, nikaushikilia pale pale.

"Acha hapa," nikamwambia. "Kuko watu wanapita."