Maji ya Habiba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikisikia gari likikohoa barabarani moyo wangu unasimama.

Nilikuwa kijana, dereva wa pikapu kuukuu ya petroli. Koili yake ilikufa nikiwa Garissa. Koili ni kile kikopo cha chuma kinachopeleka moto kwenye plagi. Fundi Dekow akanifungia mpya, ya aina nyingine, si ile ya gari lenyewe. Kando ya ile ya zamani kulikuwa na kijiwe cheupe, resista, cha kupunguza umeme. Kilikuwa na ufa. Dekow akakitupa, akaunganisha waya moja kwa moja.

Nikamuuliza, "Hicho hakirudi?"

Akacheka. "Wewe ni dereva ama fundi? Washa gari, abti, mjomba wangu."

Likawaka hata kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo. Nikanyamaza. Sikusoma, mwanangu, na asiyesoma huona haya kuuliza mara ya pili.

Siku ya tatu nilikuwa Tarbaj. Dada yangu Habiba alishikwa na uchungu, mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Wajir. Tukampakia, yeye na mama, na dumu moja la maji. Jua lilikuwa la saa sita.

Hata nusu ya njia hatujafika, gari likazima. Nikagusa koili, ngozi ya kidole ikabaki pale. Sasa sisi madereva wa huku tuna desturi: kitu kikipata moto tunakifunga gunia na kulilowesha, vile tunavyofunga dumu ili maji yawe baridi. Nikafanya hivyo. Ikapoa, gari likawaka, nikajiona fundi. Mbele kidogo likazima tena, nikamwaga maji tena. Na kila nikingoja ipoe, niliacha ufunguo umewashwa nisikilize redio. Sikujua kwamba injini ikilala, umeme unaendelea kuipika ile koili.

Mara ya nne Habiba akasema polepole, "Walaal, ndugu yangu, nipe maji."

Nikainua dumu. Lilikuwa jepesi. Mama akaniangalia, kisha akaangalia lile gunia lililolowa.

Mchungaji mmoja, Mzee Hirsi, alikuwa akipita na ngamia wake. Akauliza maji yetu yako wapi. Nikamwonyesha koili. Akashika kichwa.

"Umenywesha chuma, na mtu ana kiu? Chuma kikiungua, kijana, uliza nani anakiunguza."

Akamkamulia Habiba maziwa. Mtoto alizaliwa palepale, kwenye kivuli cha gari. Hakulia.

Lori lilituvuta mpaka Wajir. Habiba alipona, mtoto tukamzika. Fundi wa huko, Mutua, mtu wa bara, alifunua boneti akauliza, "Resista iko wapi?" Akanisomea maandishi ubavuni mwa koili: isifungwe bila resista. Yalikuwa pale siku zote. Mimi nilikuwa nikiyafunika na gunia.

Watu huniambia, ni kadari ya Mungu, usitaje majina. Mimi nataja. Dekow alitupa kijiwe, na bado anafungia watu magari. Bishar, ndiye mimi, aliona kikitupwa akanyamaza, kisha akamwaga maji ya dada yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka leo Habiba akija kwangu, tunacheka, tunakula, lakini anakuja na chupa yake ya maji.

Basi shika haya, mwanangu. Fundi akitoa kitu kwenye gari lako, muulize kinarudi lini, na akikucheka, muulize tena. Huwezi kusoma? Mpe anayeweza akusomee, haya haiui. Gari likizima, zima ufunguo. Na kitu kikipata moto mara ya pili, usikipoze tena, tafuta kinachokichoma. Maji ya safari ni ya watu kwanza.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza, na kila safari yako ifike na maji yakiwa yamebaki. Amin.