Aliyemwiba Mbwa Wangu Ndiye Ndugu Pekee Niliyebaki Naye

(Barua hii tumeletewa na msomaji wetu wa Temeke. Ametuomba tusimtaje, nasi tumekubali. Majina yote yamebadilishwa.)

Bwana Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mjane, kwetu ni Songea. Nilikuja Dar es Salaam kumfuata mume wangu aliyekuwa karani bandarini, tukapata nyumba hapa Temeke. Mungu hakutujalia mtoto. Siku moja mume wangu alirudi kutoka kazini na kitoto cha mbwa ndani ya kikapu, akaniambia, "Mama, sasa tumetosha." Tukamwita Tosha. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita, nikabaki na Tosha. Msinicheke, lakini nikipika nilikuwa namwambia ninachopika, na nikirudi kuuza mayai namweleza nani kanunua na nani kanifokea. Hakukuwa na mwingine wa kumweleza.

Majirani zangu ni Waislamu, wenyeji wa pwani hii, watu wema kabisa, ila mbwa kwao ni mtihani. Jirani wa nyumba ya pili, nitamwita Bi Zena, alinipa ukweli wangu bila kuzunguka. "Shoga, mie nakupenda, lakini mbwa wako akinilamba nguo nina kazi ya kuosha mara saba, tena moja kwa udongo. Nitakusalimia huku huku njiani." Na kweli wote wakawa wananisalimia njiani, nami ndani ya nyumba nasikia vikombe vyangu vikikauka kabatini.

Nilitamani wageni, jamani. Basi nikamfundisha Tosha adabu. Mtu akipiga hodi, asibweke, ainuke, azunguke nyuma ya nyumba, alale huko mpaka nimwite. Kila akifanya vizuri nampa dagaa. Ilichukua miezi, lakini alishika. Bi Zena akaanza kuingia, akaleta na wenzake, wakawa wanacheka, "Mbwa huyu kasoma chuo gani?" Nilijisikia mtu tena. Habari zikaenea mtaa mzima, na mimi mwenyewe ndiye niliyezieneza kwa majivuno yangu. Sikuwaza kwamba nimemfundisha mlinzi wangu kumpisha kila mwenye ulimi wa kusema hodi.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikakuta ua uko kimya. Nilizunguka nyuma, pale anapolalaga, nikakuta mchanga umevurugwa na kipande cha kamba kimeachwa. Nilimtafuta mpaka Vingunguti kwenye machinjio, nikiwauliza watu nisiowajua, wengine wakinitazama kama nimerukwa na akili. Bi Zena alinipa pole, kisha akasema, "Lakini ni mbwa, shoga, si mtoto." Hakuwa na nia mbaya. Nilikwenda kulilia chooni ili asinione.

Wiki ya sita nilikwenda Kurasini kuuza mayai kwenye nyumba za Wazungu. Nilifika mlango wa jikoni wa nyumba moja nikapiga hodi. Mbwa aliyekuwa kibarazani akainuka bila kubweka, akazunguka nyuma ya nyumba, akalala. Nikamwita, "Tosha!" Alikuja akilia, akanirukia, mayai yote chini. Shingoni alikuwa na kibati cha leseni ya mbwa, kile kinacholipiwa serikalini, kimeandikishwa kwa jina la Mzungu mwenye nyumba. Mimi sikuwahi kumchukulia kibati. Nilidhani ni mambo ya mbwa wa Wazungu tu, kumbe ndicho kingekuwa shahidi wangu.

Mpishi wa pale ni mtu wa heshima. Aliniambia, "Mama, bwana kamnunua. Kaletwa na mtu mrefu wa Temeke, ana pengo la mbele, kasema ni mbwa wake. Bwana si mbaya, lakini hatamtoa kwa maneno matupu. Nenda polisi umtaje aliyemuuza, bwana akisikia ni wa wizi atamrudisha. Ila fanya hima, mwisho wa mwezi anahamia Mwanza, na mbwa anakwenda naye."

Mrefu mwenye pengo ni mdogo wa marehemu mume wangu. Huyo ndiye aliyemshika mume wangu mkono siku ya mwisho, ndiye anayenitengenezea paa mvua zikija, na katika mji huu sina ndugu mwingine anayenihusu. Nilimfuata. Hakukana hata kidogo.

"Shemeji, nilikuwa na shida zangu. Mbwa ni mbwa tu, nitakutafutia mwingine."

"Ulijua mimi nina nani mwingine?"

Akainama. Halafu akasema neno ambalo halinitoki. "Haya, nipeleke polisi. Lakini siku ukifa hapa Temeke, shemeji, nani atakuzika?"

Ninyi mnaofuga, wachukulieni mbwa wenu vibati, wafungeni mnapotoka, na msiwafundishe kumwamini kila mtu kwa kuwa ninyi wenyewe mna kiu ya watu. Kosa langu ndilo hilo na ninalikubali.

Nimeshafika kituo cha polisi mara mbili, nikarudia mlangoni. Nikimtaja, Tosha atarudi na shemeji atafungwa, na ndugu wa mume wangu kule Songea watasema nimemfunga mtoto wao kwa ajili ya mbwa. Nikinyamaza, Tosha atapanda treni akinitafuta kwa macho, nami nitabaki na ndugu aliyenipora akijua kabisa sina mwingine. Naogopa kufa bila mtu. Lakini siku hizi nikirudi nyumbani jioni sina wa kumwambia hata kwamba nimechoka, na hilo nalo ni kufa.

Wasomaji wenzangu, mwezi unakwisha. Nimtaje, au ninyamaze? Aliye na neno aniandikie upesi, hata kama ni la kunigombeza. Nitashukuru kuongeleshwa.